Kuchagua Konveta Inayojaza Betri za Karavani Kweli

Karavani imechomekwa kwenye umeme siku mbili nzima. Taa zinang'aa, pampu ya maji inavuta, feni inazunguka. Siku ya tatu unachomoa, unaondoka, unaegesha mahali pasipo na soketi, na kabla hakujapambazuka taa zimeanza kufifia. Mwenye gari huilaumu betri. Hununua nyingine, na baada ya msimu mmoja au miwili mambo ni yale yale. Mara nyingi mkosaji ni lile sanduku la chuma lililofichwa chini ya kabati au nyuma ya paneli ya fyuzi: konveta.

Nikisema karavani hapa nina maana pana: gari lenye nyumba ndani yake, liwe linajiendesha lenyewe au linakokotwa. Konveta yake huchukua umeme wa mkondo geu kutoka nje, volti 120 au 230 kulingana na nchi, na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12 na ushei. Umeme huo una kazi mbili kwa wakati mmoja: kuendesha vifaa vya ndani, na kuchaji betri. Wengi huichanganya na inveta, ambayo kazi yake ni kinyume chake, yaani kutoa umeme wa soketi kutoka kwenye betri. Zipo pia mashine zinazofanya yote mawili, inveta-chaja, na upande wake wa kuchaji unafuata kanuni hizi hizi.

Konveta nyingi za zamani zilibuniwa kwa ajili ya taa na pampu. Kuchaji betri kulikuwa kazi ya pembeni. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na sanduku lililoandikwa "ampea 55" na bado betri zake hazijai. Betri haisomi maandishi ya kwenye sanduku. Inachokijua ni volti zinazofika kwenye vichwa vyake, na zinakaa hapo kwa muda gani. Uchaguzi wote unaofuata unaanzia hapo.

Hatua ya 1: Pima ulichonacho kabla ya kununua chochote

Unahitaji multimita ya kawaida, hata ile ya bei ndogo. Chomoa karavani kwenye umeme, zima kila kitu, funika au tenga paneli za sola kama zipo, kisha iache betri itulie kwa saa kadhaa. Usiku mzima ni bora zaidi. Pima kwenye vichwa vya betri. Betri ya risasi na asidi iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Chini ya 12.0 ni karibu tupu. Betri ya lithiamu haisomeki hivyo, na sababu yake nitaieleza mbele.

Sasa itumie betri mpaka ishuke kufikia nusu hivi, kisha chomeka umeme na upime tena, vichwani pale pale. Usihukumu dakika ya kwanza. Konveta ikiwa inasukuma ampea zake zote, volti zitaanza chini, labda 13 na kitu, kisha zitapanda taratibu kadiri betri inavyojaa. Rudi kila nusu saa uandike namba. Zikipita 14 na kukaa huko saa kadhaa, konveta yako inachaji kweli. Zikisimama 13.6 au 13.8 na kuganda hapo kutwa, una konveta ya volti moja. Zikibaki chini ya 13 kwa saa nyingi, kuna tatizo jingine: vifaa vya ndani vinameza umeme wote, waya una hitilafu, au konveta haichaji kabisa.

Kisha pima kwenye konveta yenyewe, pale nyaya zinapotokea, wakati inachaji. Namba mbili zile, ya konveta na ya betri, ziandike pamoja. Tofauti yake ni volti zinazopotea njiani, na tutaihitaji tukifika kwenye waya.

Kabla hujaihukumu konveta, angalia vitu vitatu vinavyowaponza wengi. Cha kwanza ni swichi kuu ya kutenga betri: ikiwa imezimwa, katika karavani nyingi konveta itawasha taa vizuri kabisa bila betri kupata hata tone. Cha pili ni vichwa vya betri vilivyolegea au vyenye ukungu mweupe. Cha tatu ni fyuzi za kinga dhidi ya kugeuza nyaya, mara nyingi mbili kubwa za ampea 30 au 40 zilizokaa pembeni mwa nyingine kwenye paneli. Hizi huungua papo hapo mtu akigusisha chanya na hasi kimakosa wakati wa kufunga betri, hata kwa sekunde moja. Kwenye baadhi ya paneli taa zitaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi mwenyewe nimewahi kung'oa konveta nzima isiyo na hatia, nikaja kugundua fyuzi zile zimeungua baada ya kufunga mpya ambayo nayo "haikuchaji".

Hatua ya 2: Elewa kwa nini volti 13.6 hazitoshi

Betri ya risasi inapotumika, sulfeti ya risasi hujitanda kwenye bamba zake. Ukichaji mapema, sulfeti hiyo huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha betri nusu tupu kwa wiki kadhaa, sulfeti hukauka na kuwa chembe ngumu ambazo chaja ya kawaida haiziondoi tena, na kila chembe inayobaki ni sehemu ya bamba isiyofanya kazi. Betri nyingi za karavani hufa kwa kutojazwa, wala si kwa uzee.

Kinachosukuma umeme ndani ya betri ni tofauti kati ya volti za chaja na volti za betri yenyewe. Mwanzoni tofauti ni kubwa na ampea huingia kwa wingi. Betri inapojaa, volti zake hupanda, tofauti hupungua, na mtiririko husinyaa. Chaja iliyokaa kwenye 13.6 hufikia kusinyaa huko mapema mno, betri ikiwa bado na njaa. Itaendelea kudondosha ampea mbili tatu kwa siku nyingi. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini wewe umekodi eneo lenye umeme kwa usiku mmoja.

Konveta nzuri hupita ngazi tatu. Ya kwanza ni kusukuma: ampea zote zinaingia huku volti zikipanda. Ya pili ni kushindilia: volti zinashikiliwa juu, 14.4 au karibu na hapo, ampea zikipungua zenyewe hadi betri ishibe. Ya tatu ni kutunza: volti zinashushwa hadi 13.2 au 13.6 ili betri isichemke. Konveta za kampuni ya Marekani ya Progressive Dynamics zenye Charge Wizard, kwa mfano, hutembea kati ya 14.4, 13.6 na 13.2, na zikiwa kwenye hali ya hifadhi hupanda hadi 14.4 kwa dakika 15 kila baada ya saa 21 ili kuitikisa asidi iliyotulia. Si lazima ununue hiyo, lakini mpangilio huo ni kipimo kizuri cha kulinganishia nyingine.

Swali ambalo wauzaji wengi hawaulizwi ni hili: konveta inaamua vipi kuhama ngazi? Kuna zinazofuata saa, zinashindilia kwa muda uliopangwa kisha zinashuka. Kuna zinazotazama ampea zinazoingia. Na kuna zinazopima volti kwenye matokeo yao wenyewe tu, ambazo ndizo hudanganyika kirahisi, kwa sababu waya mwembamba na mrefu huzifanya zione volti za juu wakati betri huko mwisho wa waya bado iko chini. Konveta ya namna hiyo hutangaza ushindi kabla mechi haijaisha.

Haki itendeke: kama karavani yako imechomekwa mwaka mzima na haiondoki, volti 13.6 zinatosha. Betri iliyojaa itabaki imejaa. Na kama una sola ya kutosha yenye kidhibiti kilichowekwa vizuri, hicho kidhibiti ndicho kinachofanya kazi ya kushindilia, na konveta ya zamani haikuumizi sana. Pesa ya konveta mpya ni ya mtu anayetumia betri kwa usiku kadhaa kisha anahitaji kuijaza haraka, iwe kwa jenereta au kwa umeme wa kituo cha kuegesha karavani.

Hatua ya 3: Iache betri ichague volti

Tafuta karatasi ya mtengenezaji wa betri yako. Ikipingana na ninachoandika hapa, ifuate karatasi. Kwa betri za volti 12, viwango vya kawaida katika nyuzijoto 25 ni hivi:

- Betri za maji (risasi na asidi, za kufungua vifuniko): kushindilia 14.4 hadi 14.8; kutunza 13.2 hadi 13.5.
- AGM (zilizofungwa, asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo): kushindilia 14.2 hadi 14.7, kutunza 13.2 hadi 13.6.
- Jeli (zilizofungwa, asidi yake imegandishwa): kushindilia 14.1 hadi 14.4, kutunza 13.5 hadi 13.8.
- Lithiamu ya fosfeti ya chuma: kuchaji 14.2 hadi 14.6; kutunza si lazima, na kukiwapo kuwe karibu 13.5.

Betri za maji ndizo zenye uvumilivu, lakini zinakunywa. Zikikaa kwenye 13.8 miezi mfululizo, maji hupungua hadi bamba zinabaki wazi, na bamba iliyokauka haifufuki. Angalia maji angalau mara moja kwa mwezi, ongeza maji ya betri tu, si ya bomba, na uongeze baada ya kuchaji. Ukiongeza kabla, yatapanuka na kumwagika na asidi. Ni pale tu bamba zinapokuwa wazi ndipo unaongeza kidogo kwanza, kiasi cha kuzifunika. Ukiwa na haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, seli iliyojaa husoma karibu 1.265 hadi 1.277, na hicho ni kipimo cha kuaminika kuliko volti.

AGM haina pa kuongezea maji. Volti zikizidi kwa muda mrefu inatoa gesi kupitia vali zake na kinachotoka hakirudi. Jeli ndiyo mnyonge zaidi mbele ya volti za juu: mapovu hubaki ndani ya jeli na kuacha nafasi tupu kwenye bamba. Kama una jeli, hakikisha konveta ina chaguo lake, au haivuki kikomo cha mtengenezaji.

Lithiamu inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa watu wengi wanahamia huko na kuacha konveta ya zamani mahali pake.

Betri ya lithiamu hukaa kwenye volti 13.2 au 13.3 kwa sehemu kubwa ya safari yake, iwe imebaki robo tatu au nusu. Konveta janja iliyofundishwa betri za risasi inapoona 13.2 hudhani imejaa na kwenda moja kwa moja kwenye kutunza. Matokeo yake betri inapanda hadi mahali fulani na kukwama hapo, na mwenye gari anaanza kuamini kwamba aliuziwa betri yenye ujazo pungufu. Konveta ya lithiamu hutoa volti moja ya juu, mara nyingi 14.4 hadi 14.6, na kuiacha BMS, ule ubongo wa ndani ya betri, imalize kazi.

Jambo la pili ni joto la kazi. Betri ya risasi hupunguza ampea yenyewe inapokaribia kujaa, hivyo konveta hupumzika. Lithiamu huvuta ampea zote inazopewa hadi karibu na mwisho. Konveta ya ampea 55 itafanya kazi kwa ampea 55 saa nzima, saa mbili, saa tatu, ndani ya kabati lisilo na hewa. Zile zisizojengwa kwa mzigo wa namna hiyo hupunguza kasi zenyewe, hujizima, au huungua.

La tatu: lithiamu ya aina hii haichajiwi chini ya nyuzijoto 0. BMS nyingi hukata chaji zenyewe baridi ikifika hapo, lakini si zote, kwa hiyo uliza kabla ya kununua betri. Na ile tabia ya kupandisha volti mara kwa mara ili kuitikisa asidi haina kazi kwenye lithiamu. Ikiwezekana kuizima, izime.

Usichanganye aina mbili za betri kwenye kundi moja kwa kutegemea kwamba konveta itapata wastani. Hakuna wastani. Moja itakufa kwa njaa na nyingine kwa kuvimbiwa.

Kuhusu hali ya hewa: betri za risasi zinataka volti pungufu kwenye joto na volti zaidi kwenye baridi, takriban volti 0.02 hadi 0.03 kwa kila nyuzi mbali na 25. Katika nyuzi 40, ile 14.4 inapaswa kuwa karibu 14.0. Katika nyuzi 5, inakaribia 14.9. Konveta chache zina kihisi cha kubandika kwenye betri kinachofanya hesabu hiyo. Kama unasafiri kati ya joto kali na baridi kali, kihisi hicho kinastahili kuongezewa pesa. Kwa lithiamu hakihitajiki.

Hatua ya 4: Sasa hesabu ampea

Watu huanzia hapa, ndiyo maana hukosea. Konveta ya ampea 80 iliyokwama kwenye volti 13.6 itashindwa na ya ampea 45 yenye 14.4 mara tu betri ya risasi inapopita hatua za mwanzo.

Betri za maji hupenda kuchajiwa kwa ampea kati ya asilimia 10 na 20 ya ujazo wake. AGM nyingi huhimili zaidi, lithiamu mara nyingi hadi nusu ya ujazo. Chukua mfano wa betri mbili za volti 6 zenye ampea-saa 220 (ampea mara saa, kipimo cha ujazo wa betri), zilizounganishwa mfululizo. Volti zinajumlika kuwa 12, ujazo unabaki 220. Asilimia 10 hadi 20 yake ni ampea 22 hadi 44. Ongeza vifaa vinavyotumika wakati wa kuchaji, kwa sababu konveta hulisha hivyo kwanza na kuipa betri kinachobaki: feni ya hita, taa kadhaa, bodi ya friji, tuseme jumla ampea 12. Tunafika karibu 55. Hiyo ndiyo saizi ya kutafuta.

Muda je? Kutoka nusu hadi asilimia 90 ni ampea-saa 88. Kwa ampea 40 zinazofika kwenye betri, karatasi inasema saa mbili na robo. Kiuhalisia tegemea tatu au zaidi, maana baada ya asilimia 80 hivi betri huanza kukataa yenyewe. Asilimia 10 ya mwisho huchukua saa nyingi hata uwe na konveta ya namna gani. Kuwasha jenereta kwa ajili ya asilimia hizo ni kuchoma mafuta bure; waachie sola au umeme wa kituo. Lakini usisafiri wiki baada ya wiki bila kuzijaza kabisa angalau mara moja, la sivyo tunarudi kwenye sulfeti.

Kisha geukia upande wa pili, umeme unaoingia. Ampea 55 kwa volti 14.4 ni wati 792 upande wa betri. Konveta yenye ufanisi wa asilimia 85 itavuta karibu wati 930. Na hapo kuna mtego: konveta zisizo na saketi ya kusahihisha namna zinavyovuta umeme huchukua ampea nyingi kuliko wati hizo zinavyodokeza, hivyo kwa jenereta mzigo unaweza kuonekana kama volti-ampea 1,300. Kwenye umeme wa volti 120 hiyo ni karibu ampea 11, kwenye 230 ni karibu 6. Jenereta ndogo ya wati 1,000 italia na kujizima. Ya 2,000 itaimudu vizuri, ingawa ukipanda milimani nguvu yake hupungua pamoja na hewa. Mwenye jenereta ndogo ana njia mbili: anunue konveta ndogo kidogo, au atafute yenye usahihishaji huo. Mimi ningechagua konveta ya ampea 45 isiyosumbua jenereta kuliko ya 75 inayonilazimu kuzima friji kila ninapochaji.

Wapo wanaotegemea gari linalokokota lichaji betri safarini. Waya wa kwenye plagi ya trela huwa mwembamba na mrefu. Unachosaidia ni kidogo. Kwa lithiamu inafaa chaja maalumu ya kati ya altaneta na betri, na hiyo ni ununuzi mwingine kabisa.

Hatua ya 5: Waya, mwizi asiyeonekana

Hapa ndipo konveta nzuri huharibiwa jina. Kila waya una ukinzani, na ampea nyingi zikipita kwenye ukinzani mdogo zinaacha volti njiani. Tuseme konveta iko mita 4 kutoka kwenye betri. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 8. Waya wa shaba wa milimita za mraba 10 una ukinzani wa karibu omu 0.0018 kwa mita. Kwa ampea 50 utapoteza takriban volti 0.73. Konveta inatoa 14.4, betri inapokea chini ya 13.7. Umelipia ngazi tatu, na wakati ampea zikiwa nyingi umepata konveta ya zamani.

Badilisha waya uwe wa milimita za mraba 25, upotevu unashuka hadi 0.29. Sogeza konveta ibaki mita 2 kwa waya huo huo, na unapoteza karibu 0.15 tu. Lengo langu huwa lisizidi 0.2 ikiwezekana, 0.3 ikishindikana. Ni kweli kwamba ampea zikisinyaa mwishoni upotevu nao unasinyaa, kwa hiyo betri itafika siku moja. Lakini kama ulitaka haraka, haraka imebaki kwenye waya. Kusogeza konveta karibu na betri ni nafuu kuliko kununua shaba, na waya mrefu wa upande wa soketi hauna hasara kubwa.

Karibu haimaanishi ndani ya sanduku moja. Betri za maji hutoa hidrojeni zinapochajiwa, gesi inayolipuka, pamoja na mvuke wa asidi unaokula bodi za umeme. Kuwe na ukuta kati yao, na sanduku la betri liwe na tundu la kutolea hewa nje.

Waya chanya uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, ya saizi inayoulinda waya. Betri ndiyo yenye nguvu ya kuunguza karavani, kwa hiyo kinga ikae kwake.

Hatua ya 6: Umbo la konveta na maswali ya dukani

Kuna maumbo matatu. Ya kwanza ni sanduku linalojitegemea, lenye waya wa soketi upande mmoja na vichwa vya volti 12 upande mwingine. Unaweza kulifunga popote penye hewa. Ya pili ni seti ya kubadilisha sehemu ya chini ya paneli iliyopo, ambapo breka na fyuzi zinabaki na unang'oa tu ile konveta ya zamani. Ya tatu ni paneli nzima mpya. Kama paneli yako iko mbali na betri, sanduku linalojitegemea ni chaguo bora, hata kama seti inaonekana rahisi kufunga.

Muuzaji aweze kukujibu haya, kwa maandishi ikiwezekana: inatoa volti ngapi katika kila ngazi? Inahama ngazi kwa kigezo gani? Kuna swichi ya lithiamu, na je, swichi hiyo inabadilisha volti kweli au ni jina tu kwenye bango? Inaweza kutoa ampea zake zote mfululizo kwa saa nyingi? Inakubali volti za kuingia kuanzia ngapi hadi ngapi, ikizingatiwa kwamba umeme wa vituo vyenye magari mengi hushuka jioni? Ina alama ya usalama inayotambulika katika nchi yako?

Neno "janja" kwenye boksi lisikutoshe. Nimeona konveta janja ambayo ujanja wake ulikuwa feni inayobadilisha kasi. Kuhusu feni yenyewe, kama konveta iko chini ya kitanda, sikiliza kelele yake kabla. Ni jambo dogo mpaka saa nane za usiku.

Hatua ya 7: Kufunga

Upande wa soketi unaua. Kama hujawahi kufanya kazi ya umeme wa nyumba, sehemu hiyo mwachie fundi aliyesajiliwa. Chomoa karavani, zima jenereta, zima inveta, zima breka ya konveta, kisha pima kuhakikisha kweli hakuna umeme. Baada ya hapo fungua kichwa hasi cha betri kwanza, halafu chanya. Piga picha ya kila waya kabla ya kuugusa. Rangi zisikuongoze: katika karavani nyingi za Marekani waya mweusi wa upande wa soketi ni wenye umeme, na mweupe wa upande wa volti 12 ni hasi, kinyume na mazoea ya watu wengi.

Funga waya wa ardhi wa mwili wa konveta kwenye chasi, kwa waya mnene kama mtengenezaji anavyotaka. Acha nafasi ya hewa pande zote alizoonyesha, usirundike nguo au mifuko mbele ya feni. Kaza vichwa vyote kwa nguvu iliyotajwa. Kiungo kilicholegea kwenye ampea 50 huwa jiko. Rudisha betri kwa mpangilio wa kinyume, chanya kwanza, hasi mwisho, na angalia alama mara mbili kabla ya kugusisha, ukikumbuka zile fyuzi mbili.

Kisha rudia vipimo vya hatua ya kwanza. Betri ikiwa nusu, chomeka umeme, pima volti kwenye konveta na kwenye betri kila nusu saa, na kama una mita ya kubana waya inayosoma mkondo mnyoofu, andika na ampea. Unatafuta volti zinazopanda hadi namba uliyoahidiwa, zinakaa, kisha zinashuka. Gusa nyaya na viungo baada ya saa moja. Vuguvugu ni sawa, moto si sawa. Acha usiku kucha, asubuhi uthibitishe kwamba konveta ya betri za risasi imeshuka kwenye kutunza na haijaganda juu.

Namba hizo ziandike kwenye karatasi pamoja na tarehe, aina ya betri na mahali swichi ya konveta ilipowekwa, uibandike ndani ya mlango wa paneli ya fyuzi. Mwaka ujao, taa zikianza kufifia, utakuwa na kitu cha kulinganisha nacho.